Kiungo Juu ya Kiungo

Mimi ni mwashi. Niliacha shule darasa la tano na sioni haya kulisema, kwa sababu chuo ninachofundisha nimekijenga kwa mikono hii, kuanzia msingi hadi kenchi. Wenye vyeti walikuja baadaye, rangi ilipokwisha kukauka.

Chuo chenyewe ni kidogo. Vyumba vinne, ofisi moja, na nyuma kuna uwanja wa mazoezi wenye matofali yaliyojengwa na kubomolewa mara nyingi mpaka pembe zimelika. Ninafundisha uashi. Mwaka juzi baraza la mitihani likaleta mtaala mpya: anayetaka cheti cha ufundi lazima afaulu pia karatasi ya lugha, na ndani ya karatasi hiyo kuna utunzi, yaani shairi moja la kwako mwenyewe, lenye vina, mizani na tamathali za usemi. Shairi linamsaidia nini mtu wa bomba, usiniulize mimi. Nilimwuliza mkuu wa chuo, akaniambia hata yeye ameletewa.

Mwalimu wa lugha alikaa nasi miezi miwili, akapata kazi kwenye shule yenye feni, akaaga. Ndipo mkuu wa chuo, mama mtulivu asiyepandisha sauti hata paa likivuja juu ya meza yake, aliponiita na kunikabidhi daftari la yule mwalimu na boksi la chaki. Alisema watu wote wanajua kwamba mimi nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi hutunga mashairi ili vibarua wasilale. Nikamwambia kutunga na kufundisha kutunga ni mambo mawili. Akasema na kuwa na mwalimu na kutokuwa naye ni mambo mawili pia, na wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho hawawezi kusubiri.

Mmoja wa hao wanane ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Wenzake walimbandika jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, kwa sababu ukuta wake hausogei hata uzi na yeye mwenyewe ukimsukuma anarudi palepale. Alikuwa ameshaahidiwa kazi ya uashi kwenye jengo jipya la hospitali. Mkandarasi alikuja uwanjani, akamwona akipandisha kona, akasema huyu ninamtaka, lakini aje na cheti. Bila cheti angemchukua kama kibarua wa kubeba, kwa sababu ndivyo mkataba wao na serikali unavyosema. Kwa hiyo karatasi ile ya lugha haikuwa mchezo. Ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kushika mwiko na kubeba karai.

Somo la kwanza lilikuwa tashbihi. Nilifungua daftari la mwalimu nikakuta orodha: mweupe kama theluji, mkali kama simba, mzuri kama malaika. Nikauliza darasa nani amewahi kushika theluji. Hakuna. Nani amewahi kukaribia simba. Mmoja akasema aliona ngozi yake. Nikafunga daftari.

Nikawapa sheria moja tu: usifananishe kitu na kitu ambacho mkono wako haujakishika. Kijana mmoja wa bomba, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimwi, alisimama kulalamika. Yeye shairi lake lilikuwa la mapenzi.

"Fundi, nikimfananisha mpenzi wangu na mfuko wa saruji, ataniacha leo leo."

Nikamwambia mfuko wa saruji unafunikwa usinyeshewe, unainuliwa usilale chini kwenye unyevu, na jioni mtu anakwenda kuutazama kabla ya kufunga mlango. Nikamwuliza kama yeye huyo mpenzi anamtunza hivyo. Darasa lilicheka, yeye akakaa. Wiki iliyofuata akaleta mshororo unaosema nakufunika kama saruji, tone lisikuguse. Hakuna aliyecheka. Akaukata na kuuandika upya mara nne mwenyewe, bila kuambiwa, na ndivyo nilivyojua kwamba kazi imeanza kumwingia.

Sitiari niliwaeleza hivi: tashbihi inabisha hodi kwa neno "kama", sitiari inaingia bila hodi. Tashihisi nilijifunza mimi kutoka kwa seremala wetu, mpole mmoja ambaye kwa muhula mzima hakuwa amezidisha sentensi tatu. Nilisema tashihisi ni kukipa kitu tabia ya mtu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mbao ukiiranda kinyume inanuna. Nikamwambia aandike hilo, asiongeze neno. Takriri ilitutesa zaidi. Redio alirudia neno "mama" mara tisa kwenye ubeti mmoja, nikamwuliza anamwita au amempoteza. Nikawaonyesha kwa nyundo: ukigonga msumari mara tatu unaingia, ukigonga mara tisa unaharibu mbao. Rudia pale panapohitaji kushikilia, uache.

Nilianza kulipenda somo hilo, na nilijikuta nikilingojea. Sikumwambia mtu.

Kisha ikaja mizani. Hapo niliwatoa nje.

Kila silabi tofali moja. Tukaandika silabi kwa chaki juu ya matofali, tukayapanga chini uwanjani kama shairi linavyokaa kwenye ukurasa: matofali kumi na sita kwa mshororo mmoja, manane, nafasi ya kidole pale msomaji anapovuta pumzi, halafu manane tena. Nafasi ile tuliiita kiungo. Tofali la nane lina kina cha kati, la kumi na sita lina kina cha mwisho. Mshororo wa kwanza ukakaa vizuri. Tukapanga wa pili chini yake, nane na nane. Wa tatu, nane na nane. Nikarudi nyuma kutazama, na mikono ikakataa kabla ya kichwa.

Nafasi zote zilikuwa zimesimama kwenye mstari mmoja, juu hadi chini. Kiungo juu ya kiungo. Ukinijengea hivyo mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ninakubomolea na kukurudisha kwenye mchanga, kwa sababu ukuta wa namna hiyo hauna mshiko; ardhi ikijinyoosha kidogo tu unapasuka katikati kama mkate. Nikawaambia wabomoe. Mshororo wa kwanza nane na nane. Wa pili sita na kumi. Wa tatu nane na nane, wa nne sita na kumi. Jumla inabaki kumi na sita, vina vinabaki vilevile, ila pumzi isikatike mahali pamoja mara mbili mfululizo.

Seremala alinionyesha daftari la mwalimu, ambamo mifano yote ilikuwa na mikato, yaani zile nafasi za pumzi, iliyopangwa wima, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwambia aliyeandika haya hajawahi kujenga hata banda la kuku. Wakacheka wote isipokuwa Timazi. Yeye aliniangalia kwa muda, akaangalia matofali, akainama kuandika. Nilidhani ni heshima.

Tulifanya hivyo miezi mitatu. Kila mtu akaandika shairi la beti tano, na mimi nikawa nahesabu kwa kugonga meza. La Timazi lilikuwa juu ya ufa wa chumba wanachopanga yeye na mama yake. Ufa wenyewe ninaujua, nimewahi kumwambia mwenye nyumba na akaniambia nisimfundishe kumiliki nyumba. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Ufa wewe wa chumbani, waitafuta sakafu,
Mama yuko chini, aziba kwa gazeti hafifu,
Kikohozi cha jirani, chaingia bila hofu,
Leo nipo ndani, nashika mwiko na kamba ndefu.

Nilipousoma mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya nakagua mchanga.

Mtahini alikuja siku ya kukusanya kazi, saa tatu asubuhi, mtu mrefu mwenye begi la ngozi lililochoka na viatu vyenye vumbi la vyuo vingine. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikaa ofisini kwa mkuu akasoma mashairi yote manane, kisha nikaitwa. Alikuwa ameyapanga mezani kama karata, na juu ya kila moja ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: guni.

Nikamwuliza guni ni nini. Akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulionikera. Guni ni shairi lililovunja mizani au vina. Kila mshororo una kipande cha kwanza, ukwapi, na cha pili, utao, na ukianza ubeti wa kwanza na nane kwa nane, basi ni nane kwa nane hadi mwisho wa shairi, na kina cha kati kikae mahali pamoja. Ndivyo ilivyo tangu watunzi wa zamani. Ya kwetu yalikuwa yanayumba kila mshororo wa pili.

Nikamwambia hayayumbi, yamefungana. Nikahesabu kumi na sita kwa kifundo cha kidole mezani pake, mshororo mmoja, miwili, yote minne. Akasema jumla haitoshi. Nikamwambia kiungo kikikaa juu ya kiungo ukuta unaanguka.

"Shairi si ukuta, fundi."

"Kwako."

Mkuu wa chuo alikohoa kidogo. Mtahini akaniuliza nimesomea wapi kanuni za utunzi. Nikamwambia darasa la tano, na baada ya hapo juu ya majukwaa, miaka thelathini na mbili. Hakucheka. Akatoa fomu kwenye begi akaisukuma upande wangu.

Alieleza hivi. Kama yalivyo, kila shairi linapata sifuri ya vina na sifuri ya mizani. Zinabaki kumi za tamathali, na hizo alikuwa tayari kuzitoa zote. Alisema hajaona tamathali za namna ile mwaka mzima. Lakini alama ishirini zikipotea, kati ya hao wanane pengine hata mmoja hafikishi hamsini za kufaulu. Njia ilikuwa moja. Fomu ile ni ya marekebisho: mwalimu anaandika majina ya wanafunzi, anakiri kwa sahihi yake kwamba walikosea kwa kuwa walifundishwa vibaya, bila wao kujua, na baraza linawapa saa mbili za kuandika upya. Mwalimu huyo haruhusiwi tena kufundisha somo hilo.

Niseme ukweli, jambo la kwanza lililonijia ni kuichana. Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, na mengine hayakuwa ya ofisini. Nilitaka nimwambie kwamba yeye na watunzi wake wa zamani waje wanionyeshe ukuta mmoja waliousimamisha. Mkuu wa chuo akasema bila kuinua macho, "Fundi, wewe kazi unayo tayari."

Maneno hayo tu. Nikakaa. Nikaomba niongee na wanafunzi kwanza.

Darasani walikuwa wameshahisi. Nikasimama mbele na chaki mkononi, sijui nilitaka kuandika nini. Nikawaambia nimewafundisha kosa. Nilidhani ninajua, kumbe sijui. Mikato inatakiwa kukaa wima, kama ilivyo kwenye daftari, na yule mwalimu niliyemsema habari za banda la kuku alikuwa sahihi. Nikawaeleza fomu na saa mbili. Katika maisha yangu nimeanguka kutoka ghorofa ya pili mara moja, na nakuambia ile ilikuwa afadhali.

Redio aliuliza kama nitaacha kuwafundisha. Nikasema ndiyo, lugha, lakini uashi bado wataniona mpaka wachoke. Seremala akaanza kunoa penseli. Nikaweka fomu juu ya dawati la mbele na kuanza kuandika majina. Nilikuwa nimefika la nne nilipoona mkono wa mpwa wangu umefunika karatasi.

"Mjomba, jina langu usiliweke."

Darasani huniita fundi. Nikajua kuna jambo. Nikamwambia aondoe mkono, muda unakwenda. Hakuuondoa.

"Hapo panasema tulikosea bila kujua. Mimi nilijua. Nimefika sekondari mimi, tulifundishwa nane kwa nane mpaka tukaota."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile siku ya matofali."

"Ukaninyamazia miezi mitatu?"

"Siku ile nilitaka kukwambia. Nikasema ngoja nione kama litasimama. Likasimama." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma pimamaji. "Wewe ndiye uliyekosea, mjomba. Mimi nilichagua. Ukisaini hapo kwa ajili yangu unanifanya mjinga."

Nilimwambia asinichezee. Nilimtajia hospitali, mkandarasi, karai. Nilimwambia mama yake ataninyonga. Nilimwambia aandike wanavyotaka leo apate cheti chake, halafu maisha yake yote yaliyobaki aandike sita kwa kumi, kumi kwa sita, moja kwa kumi na tano, hakuna atakayemfuata. Hilo lilikuwa shauri zuri, na ningelitoa tena. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Shairi ni la ufa," akasema. "Nikiipanga mikato wima, nimeuchora ufa. Nataka usipate pa kupita."

Yeye ndiye alikuwa amelielewa somo langu kuliko mimi; mimi nilikuwa nimefuata mikono tu. Na nitasema jambo lingine: nilikuwa na hasira naye mpaka masikio yalinichemka, na papo hapo nilikuwa nataka kupiga meza kwa furaha.

Nikaandika majina saba. Nikasaini.

Mtahini alipoona saba aliuliza wa nane yuko wapi, na Timazi akaingia ofisini mwenyewe. Nilisimama mlangoni. Alimwambia yale yale aliyoniambia mimi, kwa heshima, akimwita mzee. Mtahini alichukua shairi akalisoma tena, safari hii akisogeza midomo. Akavua miwani.

"Binti, ni guni zuri sana. Lakini ni guni."

"Ndiyo, mzee. Liende hivyo hivyo."

Alimkumbusha saa mbili zipo. Akamwambia nusu ya ubeti inarekebishika kwa kuhamisha maneno mawili matatu, na hata akamwonyesha wapi. Timazi akashukuru, akasema ameona, akaomba ruhusa ya kutoka.

Wale saba walirekebisha. Waliandika haraka, wakihesabu kwa vidole chini ya dawati, na mashairi yakatoka yamenyooka yote, safi kama kidevu kilichonyolewa. Redio alilazimika kumtoa mpenzi wake kwenye saruji ili nane zitimie, akamtia kwenye ua la waridi. Alifaulu. Wote saba walifaulu. Timazi alipata arobaini na saba. Alama tatu.

Dada yangu alikuja kwangu siku matokeo yalipobandikwa. Hakukaa. Alisimama ukumbini na mkoba begani, akanipa vidonge vyangu kimoja kimoja. Kwamba yeye alimleta mtoto ajifunze kujenga, siyo kujibizana na serikali. Kwamba mimi tangu utotoni nikiambiwa kulia nakwenda kushoto, na sasa nimeambukiza. Kwamba majina saba nimeandika, la nane lilinishinda nini. Nikamwambia hakutaka. Akaniuliza tangu lini mtoto wa miaka ishirini na moja anatakiwa kutaka ndipo aokolewe. Mke wangu alijificha jikoni na sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Nilimwuliza dada kama amewahi kulisikia hilo shairi. Hakuwa amelisikia. Nikalisema, maana nalijua lote, beti tano. Alisikiliza akitazama mlango. Nilipomaliza akakaa, mkoba bado uko begani.

"Gazeti hafifu?" akasema. "Nilitumia kurasa zote za Jumapili, na gundi ya unga. Hicho kikohozi ndivyo kilivyo. Ni hicho hicho." Akaomba maji. Hakunisamehe siku ile, lakini aliomba maji.

Timazi alikwenda hospitali kubeba karai. Alinipita barabarani asubuhi na kata ya kubebea kichwani, akanisalimia shikamoo kama kawaida, na sikuona jambo lolote usoni mwake la kunionea huruma au kuniomba. Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya miezi sita. Chuo kilikuwa kimeshapata mwalimu mpya wa lugha, kijana mwenye sauti nzuri, na mikato yake yote wima. Nilifikiri mpwa wangu atakwenda kwake, atatunga kitu kingine, yataisha.

Hakwenda. Alikuja kwa mkuu wa chuo mchana mmoja, nguo zimeganda saruji, akaomba mifano ya barua rasmi, ripoti na ufupisho. Alikuwa amepiga hesabu. Shairi litapata kumi, siyo zaidi. Basi arobaini zilizobaki atazitafuta kwingine, kwenye zile alama sabini ambazo watu huziacha zipite kwa uvivu.

Kuanzia hapo kila mapumziko ya mchana pale hospitalini aliandika ripoti. Alitumia karatasi za mifuko ya saruji, upande wa ndani. Ripoti ya matofali yaliyovunjika. Ripoti ya zege lililomwagwa likiwa limeshaanza kushika. Ripoti ya saa ambazo kila mtu alifika kazini. Hakumpelekea mtu, yalikuwa mazoezi tu, lakini msimamizi hakulijua hilo, akaanza kuwahi. Mkuu wa chuo alizisahihisha zote kwa penseli, akamrudishia, na mara mbili nilimkuta akicheka peke yake ofisini, jambo ambalo kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuliona.

Siku ya marudio alikuja mtahini yule yule, na viatu vile vile. Warudiaji wa vyuo vyote vya jirani waliletwa kwetu, kama thelathini hivi. Fomu ya utunzi ina nafasi ya jina la mwalimu. Mwalimu mpya alikuwa amemwambia mpwa wangu aandike jina lake, kwa wema tu. Timazi aliandika langu. Nilijua kwa sababu mtahini alitoka darasani na karatasi mkononi akaja uwanjani, nilikokuwa nawafundisha wa mwaka wa kwanza kupandisha kona.

Shairi lilikuwa lile lile, ila sasa lina beti nane badala ya tano. Zile tatu mpya zilikuwa za mama yake, gundi ya unga na yote. Nane kwa nane, sita kwa kumi, mpaka chini, bila kuteleza mahali. Mtahini alisema amemwuliza kama anajua kwamba sifuri mbili ziko palepale, naye amejibu anajua, ameomba tu lisomwe hadi mwisho.

"Nimesoma hadi mwisho," akasema. Alikuwa ameshika karatasi mbali na vumbi. "Jina la mwalimu ni lako. Wewe ulisaini kwamba ulifundisha kosa."

"Nilisaini kwa wale saba."

"Kwa hiyo unasema nini?"

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wameacha kazi, miko hewani. Nikamwambia sifundishi tena lugha, na sheria ya mikato ninaijua sasa, mtu akiniuliza namwambia nane kwa nane, wima, ndivyo baraza linavyotaka. Lakini hilo shairi alilolishika, mwalimu wake ni mimi, na kama kuna mahali pengine pa kusaini kwamba ni langu, alete kalamu.

Hakuleta. Alilikunja mara moja, akalirudisha ndani ya jalada, akaenda kumalizia kusahihisha.

Alipata hamsini na sita. Kumi za utunzi, arobaini na sita za mengine. Ripoti yake ilisomwa na wakubwa wa baraza, tuliambiwa. Cheti kilikuja mwezi uliofuata, na nyuma yake kwenye safu ya utunzi mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, guni. Mkandarasi alikisoma mbele na nyuma, akamwuliza huo ni ugonjwa au ni nini. Timazi akamwambia ni ukuta wa aina fulani. Mkandarasi akampa mwiko na ghorofa ya tatu, upande wa wodi za wazazi.